Penseli ya Akiba

Effie Gowans alizikwa mwezi wa Februari, theluji ikidondoka kaburini, na kabla mwezi haujaisha ukuta wa jikoni kwa dada yake ulianza kugongwa. Netta, pacha wake, alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini, akasikiliza. Ko, ko. Alisimama pale mpaka miguu ikamuuma.

Pacha hao walikuwa wamezeekea katika nyumba mbili zilizopakana, ghorofa ya juu, mtaa mmoja wa Dundee. Netta hakuolewa, Effie aliolewa akafiwa. Chai ya jioni ilinywewa kwa Effie, na ikiwa tayari, yeye aligonga ukuta. Aligonga kwa nguvu, maana mashine za kiwanda cha magunia zilikuwa zimemla masikio tangu ujana, naye aliamini watu wote wengine ni viziwi vilevile.

Sasa nyumba ya Effie ilikuwa tupu, imefungwa. Netta alimwita fundi.

"Ni mabomba ya maji ya moto, bibi," fundi alisema. "Yakipoa yanagonga."

"Yanagonga saa ya chai tu?"

"Mabomba ya Dundee yana adabu zake."

Netta alimlipa, akamshukuru, wala hakumwamini. Yeye aliufahamu ugongaji ule tangu zamani, kabla ya ukuta, kabla ya kiwanda, tangu walipokuwa na miaka kumi na moja.

Enzi hizo watu wazima wa Uskoti walikuwa na imani moja kubwa: kwamba akili ya mtoto inapimika asubuhi moja, kwa saa na karatasi, na ikishapimwa mambo yamekwisha. Mwenye nyingi aende shule ya juu, ajifunze Kilatini na hesabu. Mwenye kidogo asubiri umri utimie aingie kiwandani. Walilifanya jambo hilo bila chuki yoyote, na mimi hilo ndilo linaloniudhi.

Shuleni, watoto walikaa kwa kufuata akili. Wa mwisho walikaa mbele, miguuni pa mwalimu, waangaliwe. Wa kwanza alikaa nyuma kabisa, kwenye kona, kiti cha heshima. Kiti hicho kilikuwa cha Effie. Kurwa huyo alifika mbele ya Doto wake katika kila kitu: kuzaliwa, kusoma, kutukana. Netta alikaa ubavuni pake, wa pili, na hakuona uchungu. Alijua kwamba Effie anakimbia pale ambapo yeye anatembea.

Asubuhi ya mtihani, mama yao aliwapa penseli moja moja, kisha akamtilia Netta nyingine mfukoni.

"Hii ni ya akiba, yenu nyote wawili," mama alisema. "Kaa nayo wewe. Huyu mwenzio hupoteza kila kitu."

"Sijapoteza kitu mwaka mzima," Effie alisema.

"Viatu vyako viko wapi?"

Effie alitazama miguu yake, akacheka.

Darasani, Bi Lumsden alitembea kati ya madawati akiwa ameshika saa. "Macho kwenye karatasi yako," alisema. "Atakayegeuka kumtazama jirani, karatasi yake naichana."

Walipofika katikati, Netta alisikia ncha ikivunjika. Hakuinua kichwa. Effie alinyoosha mkono juu akaushikilia hapo, lakini Bi Lumsden alikuwa amewapa mgongo, amewainamia wale wa mbele, kwa sababu wale ndio walihitaji kuangaliwa. Nani angehangaika na mtoto wa kona ya heshima? Mkono ukachoka, ukashuka. Kisha Effie akagonga dawati kwa kidole, taratibu, upande wa dada yake. Ko, ko.

Penseli ya akiba ilikuwa mfukoni, inamchoma Netta pajani. Alijua ni nini kinachotakiwa. Alikaza macho kwenye karatasi yake, akaendelea kuandika, na ubavuni pake akasikia dada yake akitafuna mti wa penseli kwa meno ili apate risasi ya ndani. Kisha saa ikaisha.

Majina yalisomwa ukumbini, na mtoto aliyefaulu alisimama likitajwa lake. Mkuu wa shule aliposema "Gowans", Effie aliinuka kwa mazoea. Alikuwa ameshanyanyuka nusu mkuu alipomalizia: "Netta." Effie akakaa. Akamsukuma dada yake begani, akanong'ona, "Simama basi, mjinga wee, unaitwa."

Basi maisha yakagawanyika hapo. Netta alisoma akawa mwalimu wa hesabu. Effie alifuma magunia. Netta alisubiri kulaumiwa. Alisubiri siku ya arusi ya Effie, akasubiri kiwanda kilipofungwa, akasubiri hata hospitalini, ameshika ule mkono mkavu. Angalau angemtukana. Effie hakuigusa habari ya penseli hata mara moja, ila tu maisha yake yote hakuandika tena kwa penseli. Fumbo la maneno la gazetini alilijaza kwa wino, bila kufuta, kabla Netta hajamaliza kikombe cha kwanza.

"Haya, mwalimu wetu," alikuwa akisema, akimsogezea gazeti, "kagua kazi."

Kazi ilikuwa sahihi siku zote. Na darasani kwake, Netta aliweka penseli ya akiba juu ya kila dawati, kila siku, mpaka watoto wakamwita Bi Penseli. Aliwaacha wacheke.

Masika ya mwaka ule wa msiba, simu ililia. Alikuwa msichana wa chuo kikuu, jina lake Morven. Alisema karatasi za mtihani ule wa zamani zilihifadhiwa, na sasa wanawatafuta wazee waliofanya, waufanye tena uleule, ili ijulikane uzee unaifanyaje akili.

"Tunalo pia jina la pacha wako, bibi. Tungefurahi sana kuwapata wote wawili."

"Yeye amefariki."

"Ooh, pole sana."

Ukuta ukagongwa. Netta akasema atakuja. Alijiambia kwamba akiumaliza mtihani ule kwa haki, mpaka swali la mwisho, Effie ataridhika na kumwacha apumzike. Hakutaka kingine. Alikuwa amechoka kuogopa jikoni kwake mwenyewe.

Chumba cha chuo kilikuwa na madawati ya watu wawili wawili. Wazee wachache walikuwa wameshakaa. Netta alipewa la nyuma, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Aliyepangiwa kiti hicho alikuwa ameugua, Morven alisema. Akamwekea Netta penseli mbili.

"Moja ya akiba, bibi. Kila mtu aangalie karatasi yake tu, tafadhali."

Alianza. Maswali yalikuwa yaleyale, na mkono wake ulikwenda vizuri. Alifika katikati. Hapo akasikia ncha ikivunjika, na haikuwa yake. Akaendelea kuandika. Halafu, juu ya ubao wa dawati, karibu kabisa na kiwiko chake, ikaja taratibu. Ko, ko.

Netta aligeuka.

Kiti kilikuwa kitupu. Aliichukua penseli ya akiba, akanyoosha mkono, akaiweka juu ya dawati mbele ya kile kiti, ncha ikielekea mbali ili iwe rahisi kushikika. "Shika, Effie," alisema. Kisha akaiweka chini na ile ya kwake, akakunja mikono.

Morven alikuja akainama. "Bibi Netta, unaumwa? Muda unakwenda."

"Siumwi, mwanangu. Namsubiri mwenzangu afike nilipo."

Alikaa hivyo hadi saa ilipolia. Karatasi yake ilikusanywa ikiwa nusu tupu.

Nyumbani alivua koti, akachemsha maji, akatoa vikombe viwili kwa mazoea. Saa ya chai ikafika. Alivuta kiti akakaa karibu na ukuta, akangoja. Chai ilipoa na jikoni kukawa kimya, kimya chenyewe, na Netta akaanza kulia kama ambavyo hakulia mazikoni. Alisubiri kidogo tena. Kisha akakunja kidole, akagonga yeye.