Siku Mama wa Chapati Alipopikiwa

Nilipofika Malaba mara ya kwanza sikumjua mtu. Nilikuwa nimeajiriwa kushona sare za shule, na karibu na cherehani yangu, pale malori hupanga foleni yakingoja kuvuka mpaka, palikuwa na kibanda cha chapati. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa upande wa Uganda aliyeolewa Chakol, upande huu wa Kenya. Chapati yake aliikunja na mayai, nyanya na kabichi ndani. Waganda huiita roleksi. Sisi tuliiita tu "ile ya mama".

Asubuhi yangu ya kwanza pale alinitazama mara moja akasema, "Nyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "wewe hujalala. Kaa hapo." Akapasua yai la pili bila kuniuliza. Nilikula huku nikijikaza nisilie, nikarudi kazini nikiwa mtu.

Miaka ikapita nikila pale. Nilipoolewa na kubeba mimba ya kwanza, kila chakula kilinichefua isipokuwa hicho, hata mume wangu akawa anatania kwamba mtoto atazaliwa amekunjwa.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, mama akatuambia anafunga kibanda.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi. Mzee wangu amenunua ng'ombe wa maziwa na anahangaika nao peke yake. Nataka nikae na yeye nikiwa bado na nguvu ya kumgombeza."

Tulicheka, lakini nilipoketi tena kwenye cherehani nilishona mkono wa shati upande usiofaa.

Siku ya mwisho tulimwahi kibandani, mimi na wateja wenzangu wawili, dereva mmoja wa lori na jamaa mmoja wa boda boda. Mama alipofika alikuta jiko limewashwa na unga uko kwenye beseni.

"Leo wewe ni kastoma," dereva akamwambia.

"Nyinyi mtaniharibia jina!"

"Jina gani na unafunga?"

Akabisha, akabisha, mwishowe akavua aproni akaketi kwenye benchi. Sikuwahi kumwona ameketi pale. Alionekana mdogo, kama mgeni aliyekuja kusubiri mtu.

Dereva alizidisha maji, unga ukamganda hadi kwenye viwiko. Chapati yangu ilitoka na pembe tatu. Mama alivumilia kidogo tu. "Mafuta! Weka mafuta! Unaibembeleza ya nini? Igeuze!" Watu wa foleni wakaanza kukusanyika, kila mmoja na ushauri wake.

Tulipompa, aliuma, akatafuna polepole.

"Chumvi imezidi," akasema. Akauma tena. "Na katikati ni mbichi. Lakini nitamaliza. Miaka yote hii, hii kitu sijawahi kupikiwa na mtu."

Akaimaliza yote, akifuta macho na kusingizia moshi.

Mchana mumewe alikuja na pikapu. Tulipakia jiko, masufuria na benchi, mama akatupungia mkono mpaka gari likakata kona. Sasa pale panauzwa kava za simu.

Siku hizi nabeba chakula kutoka nyumbani. Dereva yule, ambaye kabla ya kupanga siku ile hatukuwahi kupeana zaidi ya salamu, hupita kwenye duka ninaposhona foleni ikiwa ndefu. Jamaa wa boda naye huja na ndizi mbivu. Tunasogeza vitambaa kando, tunakula juu ya meza ya kukatia, na wateja wangu wameshazoea kungoja.