Shamba Chafu la Lavonne

Huku kwetu Kansas magharibi, watu wakitoka kanisani hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanazunguka na magari polepole, wakichungulia mashamba ya wenzao na kusengenya. Shamba la sifa ni lile lililolimwa likabaki jeusi tii, mistari imenyooka. La Lavonne Kucera lilikuwa limejaa mabua ya ngano ya mwaka jana. Aibu tupu!

Na mjane wa watu hakuwa mvivu hata chembe. Alikuwa mjumbe wa baraza la hifadhi ya udongo na maji la wilaya, wakulima waliochaguliwa na majirani zao, hawalipwi hata senti. Baraza lina mashine ya kupandia, inayopenyeza mbegu katikati ya mabua bila kuugeuza udongo, na yeyote huiazima kwa zamu. Wengi waliikwepa. Lavonne alishachukua zamu ya kwanza, ya mwezi wa tano, apande mtama. Lakini nusu ya shamba ilikuwa ya shemeji yake, Emil, na Emil hakuficha neno.

"Shemeji, marehemu kaka angeliona hili angekufa mara ya pili. Mwezi wa nne ukiisha hujalima, nachukua changu."

"Kaka yako alikuwa analala mpaka saa mbili, Emil. Usimsingizie."

Alitania, lakini roho ilikuwa juu. Nusu ile ikiondoka, angeuza ng'ombe, kisha nyumba. Hata hivyo hakulima.

Mwezi wa tatu ukaja upepo, jamani, mchana ukawa giza. Ulipotulia, udongo wa shamba alilolilima Emil mwenyewe ulikuwa umelundikana kwenye uzio, na mwingine ulishahamia jimbo la jirani, Oklahoma. Wa Lavonne ulikuwa palepale, umeshikwa na mabua.

Jumapili Emil akasimamisha gari shambani kwa Lavonne. Magari ya nyuma nayo yakapunguza mwendo. Lavonne akajua leo ndiyo leo, ananyang'anywa. Mzee yule, na suti yake ya kanisani, akapiga magoti, akachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa na unyevu.

"Ile mashine yenu," akasema bila kumtazama, "zamu ya kwanza ni ya nani?"

"Yangu. Chukua wewe, shemeji."

"Sijui kuiendesha." Alisema kwa sauti, na majirani wote wanasikia. "Itabidi unifundishe."

Lavonne akampa mkono kumwinua. Kwa furaha aliyokuwa nayo, hata kumtania alisahau.