Nguo Aliyotaka Kuzikwa Nayo

Mama mdogo aliporudi kutoka hospitali na habari kwamba ana saratani ya titi, hakulia. Alifungua sanduku lake, akatoa kitenge cha zambarau ambacho miaka yote alikataa kukiuza, akanitupia mapajani.

"Unipime," akasema. "Ya kwenda nayo kaburini. Ile dawa yao sitaki. Inanyonyoaka watu nywele, halafu wanakufa tu."

Kwetu Kongo mwanamke akizikwa, kitu cha kwanza ambacho wanawake wa kanisani hutazama ni nguo yake. Na huyu, hata huku ugenini, alikuwa ametembeza vitenge mtaa mzima wa Kabalagala. Asingekubali kulazwa ndani ya jeneza na kitu cha ovyo. Fundi wa familia ni mimi. Nilikasirika. Daktari alisema wazi kwamba matibabu yakianza mapema, nafasi ya kupona ipo. Yeye anawaza mshono!

Nikamwambia nitashona, ila kwa sharti moja: aende kwanza kuchomwa dawa, hata mara moja tu. Akakubali upesi mno, ili ninyamaze.

Kiunoni nilimwachia upindo mpana kwa ndani, kama tunavyofanya kwa mteja anayetarajiwa kunenepa. Aliigeuza nguo, akauona, akacheka vibaya.

"Maiti inanenepaka?"

Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

Siku ya dawa akaivaa. Nilimsihi avae nyingine, akakataa katakata. "Nikifia kule, hautahangaika kunivalisha." Wagonjwa wenzake waliisifu, wakauliza imeshonwa wapi. Nilitazama sakafu.

Tuliporudi chumbani kwetu Bwaise, alitapika hadi ikatoka nyongo, yote juu ya kile kitenge. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu apewe habari, ameshika kifua cha ile nguo kwa mikono miwili. Nami nikalia. Nilimvua, nikailoweka kwenye beseni, nikasugua na sabuni hadi vidole vikauma. Doa halikutoka.

"Pole, Mama," nikasema. "Nitakushonea ingine."

Alikuwa amegeukia ukutani. Nilidhani amelala.

"Usishone," akasema. "Nitarudi kule kwa dawa na hii hii. Ingine nayo itachafuka tu."