Sungura wa Dhahabu na Karanga za Nsimire

Na msiniambie tena nitulie. Wiki mbili nimetulia, nikasikia mnanong'ona kanisani eti Nsimire amemwibia mzungu. Kwanza si mzungu, ni Mjapani. Pili, hakuiba.

Nsimire ni dada yangu. Miaka sita anahudumia wazee hapa Liverpool yetu, si ile ya mpira: anawaogesha, anawapikia, anawakata kucha. Kukaa hajui. Hata kwenye treni ya kurudi Minto anasimama, eti akikaa atasinzia apitilizwe kituo.

Mzee wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Bibi Tomoe, miaka themanini na nane. Huyo bibi ana kijisanduku cheusi, kirefu kama mkate, alichoachiwa na nyanya yake. Ni mbao iliyopakwa utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, mpaka unaona uso wako ndani. Kwenye kifuniko kuna sungura wa unga wa dhahabu wanakimbia juu ya mawimbi, na mwezi wa kipande cha gamba la chaza. Nimewaangalia sana hao sungura. Wanakimbia tu, hakuna aliyefika.

"Zamani walitumiana barua humu," Bibi alimwambia dada. "Mwenzio anakirudisha na jibu."

"Kumbe mko kama sisi," dada akacheka.

Belyse, binti wa dada, alipotimiza miaka saba, Bibi akajaza humo vitamutamu vya kwao vya maharage. "Mpelekee mtoto. Sanduku utanirudishia."

Hapo ndipo dada alipokosea, na wewe ungekosea vilevile. Mtu akikuletea chombo chake kimejaa, utakirudisha kitupu? Alitaka karanga za Mama Généreuse wa hapa kanisani, zile anazozikaanga kwa mchanga. Mama Généreuse alikuwa Brisbane kwa mwanawe. Nikamwambia dada anunue za dukani.

"Za dukani? Mtu amenipa sungura wa dhahabu, mimi nimpe paketi? Wee, una akili?"

Akangoja. Siku ya tisa Bibi Tomoe akaanguka bafuni, akapelekwa hospitali. Mpaka leo haongei. Mwanawe akaja kufungasha vitu, akakuta rafu ina alama tu kwenye vumbi. Akapigia simu ajensi iliyomwajiri dada. Siku ya kumi na moja akafika kwetu na manija wa ajensi, na mlango niliufungua mimi. Kijisanduku kilikuwa mezani, hakijafichwa. Karanga zilikuwa zimefika asubuhi hiyo, ziko ndani, zimefungwa kwa kitambaa safi cha kitenge.

"Umeweka karanga ndani ya kitu cha miaka mia na hamsini?" manija akauliza.

"Nimeweka. Ni za Bibi."

Yule mwanawe akazitoa, akaziacha mezani kwetu. Akavuta sanduku. Nsimire akalishika kwa mikono miwili.

"Chombo hakirudi kitupu," akasema.

Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, achia." Akaachia, lakini walishaandika: alikataa kurudisha mali ya mteja.

Sasa amesimamishwa. Saa kumi na moja alfajiri anavaa yunifomu, anakumbuka, anaivua. Anapiga deki jikoni, anamaliza, anaanza tena. Alhamisi wanaamua. Wakisema ni wizi, hatagusa tena kazi ya wazee nchi hii.

Manija aliniuliza kwa simu: "Hiyo desturi yenu, kuna mwingine anayeijua, au ni ninyi wawili tu?" Nikakata simu, nilikuwa nataka kutukana.

Bruno, bakuli lako la majani ya sombe dada alilirudisha na mayai sita. Mama Fébronie, termosi yako ilirudi na uji wa moto. Lazare, wewe ulirudishiwa sufuria na samaki mzima ndani, ukamla peke yako. Mlikula wote, na leo mnanong'ona.

Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisi ya ajensi, Liverpool, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Kila mtu abebe chombo chake na aseme kilirudi na nini. Maombi kwa simu sitaki. Njooni.