Mwanafunzi aliyefunga fundo la furaha kwenye zawadi ya msiba

Tarumbeta inalia, na kila aliye uwanjani anasimama palepale. Mpishi na ndoo yake, dereva na ufunguo wake. Bendera inapanda taratibu mbele ya kambi ya jeshi la majini hapa Urasaki. Ndani ya stoo isiyo na dirisha, binti wa miaka ishirini na mmoja ameweka chini kamba ya karatasi aliyokuwa nayo mkononi, amesimama wima, anatazama ukuta.

Wimbo unakwisha. Anakaa na kuishika kamba tena. Anafunga, anatazama, anafungua. Anafunga tena.

"Mwanafunzi, hilo ni boksi la biskuti, si bomu," anasema Iwakiri, baharia mnene anayebeba zawadi kuzipeleka gatini. "Meli inaingia kesho. Kwa mwendo huo wageni tutawapa mikono mitupu."

"Nakuja, kaka. Dakika moja tu."

"Dakika zako nimeshazizoea."

Binti anatabasamu. Tabasamu lenyewe halifiki machoni.

Jina lake ni Kuzumi Minori. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhusiano wa kimataifa, na likizo hii ya kiangazi anafanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi inayopokea manowari za mataifa mengine. Mshahara hana. Chakula cha mchana anapewa kambini. Nauli anaitafuta Jumamosi kwenye duka la vitafunio vya samaki, yeni elfu moja na mia moja kwa saa.

Kazi ya ofisi hiyo mtu wa nje anaweza kuiona nyepesi. Nani akae karibu na nani. Nani hali nguruwe. Bendera ya nani itangulie. Zawadi gani mgeni ataipokea bila kuona amedharauliwa.

"Nilifundishwa kila siku nijiulize mgeni ataonaje," anasema Minori. "Nikajiuliza hivyo mpaka nikasahau kwamba si wote ni wageni."

Aliyemfundisha zaidi ni Kapteni Rodel Macaraeg, Mfilipino aliyekuwa ofisini hapo kama kiungo kati ya jeshi la kwao na la hapa. Alioa hapahapa Urasaki tangu ujana wake, na lugha ya hapa aliisema kwa lafudhi ya wavuvi wa mji huu, mpaka watu wa mji mkuu wakawa wanamcheka.

Alimpa Minori jina la Balozi. "Balozi, chai yangu iko wapi? Au serikali yako imevunja uhusiano na mimi?"

"Serikali yangu inachemsha maji, mkubwa."

"Basi iambie mimi nazeeka."

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Kapteni Rodel hakufika kazini. Alikuwa akikimbia kando ya ukuta wa bahari kama ilivyokuwa desturi yake, akaanguka. Daktari alisema ni moyo. Mungu alimwita akiwa amevaa raba, jasho likiwa bado mwilini.

Wiki hiyo ofisi ilikuwa na meli ya mafunzo ya kigeni gatini, na Minori alikuwa amefunga zawadi tangu Jumatatu. Mkuu wa ofisi, Kamanda Tanimura, alimwita akamwambia aandae boksi la vijiti vya ubani la kupeleka msibani kwa niaba ya ofisi nzima.

Minori alihangaika kwa moyo wake wote. Marehemu alikuwa Mkatoliki. Je, ubani unafaa? Akampigia simu padri. "Sisi pia tunafukiza, mwanangu," padri akamjibu kwa upole. Akauliza kuhusu rangi, kuhusu maua, kuhusu saa ya kufika. Akachagua kamba nyeusi na nyeupe, ndizo za msiba. Kisha akafunga.

Mikono ikafunga ilivyozoea wiki nzima. Ikafunga fundo la kipepeo.

Hapa mtoto mdogo anajua. Kipepeo linaachia likivutwa mara moja na kufungika upya, kwa hiyo ni la mambo tunayoomba yarudi tena: mtoto kuzaliwa, karamu, kupanda cheo. La msiba ni fundo la kukaza, lisilofunguka mpaka likatwe, kwa sababu jambo lile tunaomba lisije tena katika nyumba ile.

"Niliangalia rangi tu," anasema Kamanda Tanimura. "Nikaona nyeusi na nyeupe, nikasema sawa. Mimi ndiye niliyelibeba, kwa hiyo kosa ni langu."

Mjane, Bi Chizuru, alilipokea kwa mikono miwili, akainama. Jioni yake alimpigia simu ofisini Bi Ogata Hatsue, karani, ambaye alisoma naye shule ya msingi.

"Hatsue, mlikaa kikao mkanitakia nini?"

"Nini tena, dada?"

"Mmenifungia kipepeo."

Bi Ogata anasema alilirudia neno hilo kwa sauti, akamsikia Minori akipumua nyuma yake, kisha hakumsikia tena. Binti alikuwa amekaa sakafuni.

Kamanda alikwenda kuomba radhi na boksi la keki, kama inavyotakiwa. Bi Chizuru alimsikiliza akiwa mlangoni, akasema "nimeelewa", akafunga mlango. Minori akaomba naye aende. Kamanda akakataa.

"Ukienda sasa utakwenda kuutua mzigo wako, binti. Wa kwake utamwachia hapohapo."

Zikapita wiki tatu. Minori alifika kazini kwa wakati, alitafsiri barua, alipanga viti. Iwakiri anasema alikonda mpaka shati likawa linamning'inia mabegani. Ndipo Bi Ogata aliporudi kutoka kwa rafiki yake akiwa na maneno mapya.

"Boksi bado liko palepale sakafuni. Kulitupa hawezi, ni ubani wa mumewe. Kuligusa hawezi. Analizunguka akipita."

Kamanda akamtazama Minori. "Vaa nyeusi. Sasa upo mzigo wake wa kumtua."

Jumapili iliyopita walikwenda wanawake wawili, Minori na Bi Ogata. Mlangoni viatu vya Kapteni Rodel bado vilikuwa vimepangwa, ncha zikielekea nje, kama vya mtu anayetoka sasa hivi. Chumbani picha yake ilikuwa na msalaba upande mmoja, na vibao vyenye majina ya wakwe zake waliokwisha kufa upande wa pili. Chini yake, boksi.

Minori alipiga magoti mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Mama, ni mimi niliyelifunga. Si ofisi. Ni mikono yangu."

"Wewe ndiye Balozi?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akikutaja mezani." "Najua ni makosa. Mimi si mjinga, najua. Lakini nina mtoto mmoja tu, Haruma. Ni baharia, yuko mbali huko na meli. Baba yake tumemzika wiki ileile, halafu mnaniletea fundo la kuomba msiba urudi. Unadhani nililala?"

Jina la Haruma Minori alikuwa hajalisikia hata mara moja.

"Lifungue," mjane akasema. "Ulilifunga, lifungue. Mimi nikilivuta nitakuwa nimeikubali dua yake."

Minori alivuta mara moja. Kamba ikaachia bila kelele yoyote. Waliwasha vijiti vitatu, kila mmoja chake, wakakaa mpaka moshi ukaisha. Bi Chizuru akazikusanya kamba, akaziweka kwenye mfuko wa Minori yeye mwenyewe.

"Nenda nazo. Na usije tena."

Njiani Bi Ogata alijaribu kumwambia kwamba yale si matusi, kwamba amechoka tu yule. Minori alisema anaelewa. Alitembea hadi kituo cha basi ameukumbatia mfuko.

Mafunzo yake yanaisha Ijumaa. Kamanda ameandika kuwa anafaa, na wenzake chuoni wanamuuliza kama ataomba kazi hapa akimaliza masomo. Anasema hajui. Jambo analolingoja ni la mwezi wa kumi, meli ya Haruma itakaporudi. Wakati huo yeye atakuwa darasani, mbali na bahari.

Amemwomba Iwakiri ampigie simu siku hiyo.

"Nitakupigia hata kama nimebeba mzigo kichwani," Iwakiri anamjibu. "Kwani unataka kumwona?"

"Hapana, kaka. Nataka uniambie tu kwamba ameshuka ngazi ya meli kwa miguu yake mwenyewe, na mama yake yuko pale chini."