Maji Yaliyotoka Meupe

Mama mwenye lori la Fuso alinipa ufunguo pamoja na sharti moja tu. Hakusema habari ya mwendo, wala mafuta, wala abiria wa njiani. Alisema, "Mwanangu, gari hili utaliosha wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Sitaki kusikia limepelekwa kwa vijana wa njia panda."

Nilicheka moyoni. Dereva mzima, nimeshaifahamu barabara ya Sumbawanga na ya Tabora kona kwa kona, leo naambiwa habari za ndoo na brashi! Lakini kazi Mpanda zilikuwa adimu, nikaitika, "Sawa, Mama."

Sababu alinipa siku nyingine, tukiwa uani kwake. Fuso lile lilikuwa halichagui mzigo. Wiki hii dagaa wa Ikola, wiki ijayo mchele wa Majimoto, katikati mbolea, saruji, hata ng'ombe. Yote hayo yalilala juu ya sakafu ileile ya mbao. "Vijana wanaosha rangi," alisema. "Mimi nataka paoshwe pale magunia yanapolala. Na anayejua palilala nini ni wewe uliyebeba." Nilimwona mama mzee mwenye wasiwasi mwingi. Niliosha kweli, siwezi kujisingizia, ila niliosha kwa manung'uniko.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi tunaobeba dagaa wa Ikola, maana ndilo lililoniponza. Dagaa wakishalowesha mbao, harufu haitoki. Unaosha kwa sabuni, unaanika gari juani, bado ipo. Kwa hiyo tulijizoesha kunusa. Kabla ya kupakia chakula unapanda kwenye bodi, kule nyuma panapolala mzigo, unapiga magoti, unaweka pua kwenye mbao na kuvuta pumzi mara tatu: mbele, katikati na nyuma. Ukisikia dagaa peke yake, unapakia, kwa kuwa dagaa hawajaua mtu. Ukisikia mafuta ya taa, mbolea au kinyesi cha ng'ombe, unatafuta maji. Tuliuita huo ndio ukaguzi, na mimi nilisifika kwa pua. Wenzangu waliwahi kuniita nikawanusie magari yao, nami nikaenda kifua mbele.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza pua iliyoshinda wiki nzima na dagaa inaweza kusikia nini kingine.

Ijumaa moja nilipeleka dawa za pamba kwenye ghala moja mbele ya Majimoto. Zilikuwa katoni za chupa, dawa ya kuulia wadudu. Tulipomaliza kushusha, mzee aliyekuwa akitunza ghala aliinua katoni ya mwisho, iliyokuwa kona ya mbele kushoto, nyuma ya kabini. Chini yake ilikuwa imelowa.

"Dereva, hii chupa kizibo kimelegea," alisema. "Paoshe hapo kabla hujapakia kitu cha kula. Dawa hii siyo ya mchezo."

"Nitaosha, mzee wangu."

Nilisema hivyo nikiwa nimeshawasha gari. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya magunia wakinisubiri, na mmoja akanipigia kelele, "Nyie madereva mnatuchelewesha sana!" Bomba la maji lilikuwa na foleni ya madumu kuzunguka mti mzima. Nikajiambia, aa, kidogo kile. Nikachota pumba za mpunga kwenye lundo nyuma ya mashine, nikamwaga pale kwenye kona, nikasugua kwa mguu, nikafagia. Kisha nikapiga magoti, nikanusa mbele, nikanusa katikati, nikanusa nyuma. Nikasikia dagaa.

"Pakieni," nikasema.

Magunia ya kwanza kupakiwa yalikuwa matatu ya Mama mwenyewe, kutoka shamba lake. Mjukuu wake alikuwa anapokea komunio ya kwanza Jumapili, na nusu ya mtaa ilikuwa imealikwa. Kwa kuwa yangeshushwa mwisho, yaliwekwa mbele kabisa, kona ya kushoto. Yalikuwa viroba vyeupe vya kufumwa, vile ambavyo hata vumbi hupenya. Nyuma yake yakafuata magunia ya wachuuzi wa sokoni.

Jumamosi nikashusha sokoni Mpanda, kisha nikaenda kwa Mama. Mke wangu alikuwepo tayari, yeye na wanawake wenzake, nyungo mapajani, wakisubiri mchele waupepete. Mke wangu ana mkono wa pilau, hakuna sherehe mtaani kwetu anayoachwa. Mama akaniambia, "Kesho baada ya misa watoto watapanda gari wazungushwe mjini. Wana nguo nyeupe, mwanangu. Sitaki doa." Nikamwambia asubuhi litakuwa linang'aa. Nikaenda na gari nyumbani Ilembo kulala, mke wangu akabaki kulekule na wapishi.

Jumapili asubuhi nilianza na kabini, nikaenda kwenye matairi, nikapanda kwenye bodi nikiimba. Nilimwaga ndoo ya kwanza kuanzia mbele. Maji yalikwenda mpaka kwenye kona ya kushoto, yakarudi meupe.

Nilidhani ni sabuni. Lakini sabuni ilikuwa bado kwenye pakiti, sijaifungua. Nikamwaga ndoo ya pili. Yakatoka meupe zaidi, mazito kama maziwa, yakapita kwenye nyufa za mbao yakidondoka chini ya gari. Mtu yeyote aliyewahi kunyunyizia pamba anajua ni dawa gani inageuka maziwa ikikutana na maji. Hapo ndipo harufu ilipopanda, kali, ya kukwaruza koo, na safari hii hata pua yangu iliyokufa iliisikia.

Nilikaa kwenye maji yaleyale. Nilikuwa nayaona yale magunia matatu, yamelala palepale nilipokaa mimi, kutwa nzima, kwenye jua, gari likirukaruka kwenye mashimo.

Nikampigia mke wangu. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia Mama, naye alikuwa misani, amezima. Nikapiga tena kwa mke wangu, na nikiwa na simu sikioni nikamwona kuku wetu mmoja, tetea, ameinamisha kichwa kwenye kidimbwi chini ya gari, anakunywa. Nilimfukuza kwa kelele. Alitembea hatua chache, akasimama. Shingo ikaanza kupinda upande. Akaanguka, mabawa yakapiga ardhi, akatulia. Simu ilikuwa bado inaita.

Sijawahi kuogopa vile. Nimeshakatikiwa breki kwenye mteremko, nimeshakutana na tembo barabarani mbugani akaja mpaka kwenye kioo, na huo wote niliuita woga kwa sababu sikuwa naujua woga wenyewe. Unapoogopa kufa wewe, angalau unajua unaogopea nini. Mimi nilikuwa nahesabu watoto. Wa jirani, wa kwaya, mjukuu wa Mama, wanangu mwenyewe wawili waliokwenda misani na bibi yao na wangepitia kule kula.

Nikasimamisha bodaboda. Yule kijana akaniangalia nilivyolowa, akauliza, "Bro, kuna msiba?" Nikamwambia, "Bado." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Njia nzima nilikuwa nikisema kwa sauti, wasile, wasile, naye akaongeza moto bila kuniuliza tena.

Watu walikuwa wameshaanza kurudi kutoka kanisani. Watoto wa komunio walikuwa wamekaa kwenye mkeka kivulini, weupe, wametulia kama walivyoambiwa, na sahani tupu mbele yao. Nyuma ya nyumba masufuria mawili makubwa yalikuwa yameshateremshwa motoni, makaa yamewekwa juu ya mifuniko. Moja mfuniko wake ulikuwa haubani vizuri, kwa hiyo wapishi wakaufunika kwa kiroba kitupu ili mvuke usitoke, wakalaza kipande cha bati juu ya kiroba na makaa juu ya bati. Kiroba kile kilikuwa na doa la njano upande mmoja, upana wa sahani. Mvuke ulikuwa unapita humo ukirudi ndani ya pilau.

Nikakivuta. Bati likaanguka, makaa yakatawanyika, wanawake wakapiga kelele. Mama akatoka ndani na kitenge chake cha kanisani.

"Dereva, una nini? Mbona huna viatu?"

Nilitazama miguu yangu. Kweli sikuwa na viatu. Nikasema mbele ya watu wote, "Mama, chakula hiki kisiliwe. Nilibeba dawa ya pamba. Ikamwagika palipolala mchele wako."

Mama hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu. "Uliosha?"

"Sikuosha, Mama. Nilinusa."

Angenipiga ningeshukuru. Aligeuka akawaambia vijana wachimbe shimo, mara moja, refu. Pilau lote likaingia humo, na mchele uliobaki, na viroba. Watoto wakaletewa ugali. Mmoja akalia akitaka pilau, na kilio chake kile nilikisikia kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, kwa kuwa alikuwa mzima na tumbo lake lilikuwa tupu.

Ndipo nikamtafuta mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando, mkono mdomoni.

"Baba watoto," alisema polepole, "mimi nimeutafuna."

Nilikuwa nalijua hilo kabla hajasema. Wapo wanawake wanaochagua mchele wakitafuna punje mbichi, moja moja, ungo unapopungua. Mke wangu ana mazoea hayo tangu namwoa. Na aliyeonja chumvi ya pilau ni yeye; wenzake waliapa hawakuweka kitu mdomoni.

Hospitali daktari aliuliza dawa inaitwaje. Sikujua. Aliuliza chupa iko wapi, nikasema iko ghalani, upande wa Majimoto. Aliniangalia kama mtu anayejizuia. Akamwekea mke wangu dripu, akamulika macho yake kwa tochi, akanipa kazi: nimwangalie, nikiona mate yanamtoka, au jasho, au macho yamekuwa madogo, niite. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikimwangalia mdomoni saa baada ya saa. Joto la mchana lilimtoa jasho mara mbili, na mara zote mbili nilikimbia korido nzima nikipiga kelele. Alitapika mara moja. Mchana ukaenda, jua likaanza kulala dirishani, daktari akamulika tena, akasema, "Naona kala kidogo. Anaendelea vizuri." Nikaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kama mtoto, wala sikuona aibu.

Mke wangu aliniacha nilie. Kisha akauliza, "Na yale magunia mengine?"

"Yapi?"

"Ya sokoni. Si mlipakia pamoja?"

Nikaanza kumweleza kwamba dawa ilikuwa kona ya mbele, kwamba ya Mama ndiyo yaliyokuwa pale. Ndipo nikaikumbuka njia. Kutoka Majimoto kuna milima ya kupanda. Gari likipanda, kitu cha majimaji kinarudi nyuma. Asubuhi, nilipomwaga ndoo, ule weupe ulikuwa haukuishia kwenye kona. Niliuona. Niliuona ukitoka mpaka katikati ya bodi, na kutwa nzima sikuufikiria hata mara moja, kwa kuwa aliyekuwa anafikiriwa alikuwa ni wa kwangu.

Nilifika sokoni wachuuzi wanafunga. Yule mama aliyepokea magunia yaliyofuata nyuma ya yale matatu alikuwa anakunja turubai. Magunia mawili yalikuwa bado yameshonwa. La tatu lilikuwa wazi, limekunjwa mdomo, na sado ya kupimia imesimama ndani. Nililigeuza ubavu. Doa lilikuwepo, dogo, la njano.

"Hili umeuza?"

"Limekwenda vizuri," alisema, akitabasamu. "Nusu hivi."

"Umemuuzia nani?"

Alinishangaa. "Watu, baba. Wanakuja, wanapimiwa, wanaondoka. Kuna nini?"

Nikamweleza. Alikaa chini juu ya turubai lake. Yote tuliyafukia, na kesho yake tulipita yeye na mimi, mtaa kwa mtaa, tukiuliza nani alinunua mchele Jumamosi au Jumapili kwenye meza ile. Tulipata nyumba tano. Wawili walikuwa hawajaupika, tukauchukua. Watatu walikuwa wameshaula, wakasema ulikuwa mtamu. Wengine hatukuwapata. Wengine ni watu wa vijijini, walikuja na basi wakarudi na basi.

Mama hakunifukuza. Mimi ningejifukuza. Alisema kwamba dereva mwingine angekuja na pua yake, na mimi angalau sasa nina mikono. Kwa hiyo bado naendesha. Kila mzigo ukishuka nasugua sakafu ile ubao kwa ubao, nasimama chini nikiangalia maji yanavyotoka, na simwagi ya pili mpaka nimeyaona ya kwanza. Wenzangu wa Ikola wananitania, wananiita bwana ndoo.

Wiki zile za mwanzo nilisikiliza kila tangazo la msiba, la kanisani na la mtaani. Nikisikia mtoto amekufa kijiji fulani, nilikuwa natafuta mtu wa huko, namuuliza alikuwa anaumwa nini. Waliniona nina huruma sana.

Mpaka leo sijui nusu ya gunia lile waliila kina nani.