Siku Niliyodai Fidia ya Nguo

Jambo hili nimelificha karibu miaka miwili, na hata leo nikifika Malindi, ule mtaa wa ofisi za mabasi mimi huvuka barabara nikapita upande wa pili, lakini kwa kuwa jirani yangu Mama Furaha ameshalisimulia pale bombani mara tatu (na kila mara analitia chumvi, sisi watu wa Marereni chumvi hatupungukiwi), afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule darasa la saba nikaingia kukwangua chumvi kwenye mabwawa ya maji ya bahari ili mdogo wangu Kahindi ale na asome. Sisemi hivi nipewe sifa. Nasema mjue kwa nini neno langu nyumbani lilikuwa halipingwi.

Kahindi alipomaliza shule alikwenda Nairobi, akaajiriwa na fundi wa vyombo vya muziki. Miaka miwili alijibana, hata Krismasi hakuja nyumbani, kumbe anaweka akiba anunue miksa, ile mashine pana yenye vidude vingi vya kuzungusha, ambayo maiki na spika zote huunganishwa kwayo. Ilikuwa imetumika lakini nzima kabisa, na hakujinunulia yeye. "Dada, nataka utoke kwenye chumvi," aliniambia. "Spika tutaazima kwanza. Utakuwa ukikodisha vyombo kwa harusi na matanga, na kazi yenyewe nitakufundisha." Wakati huo nyayo zangu zilikuwa zimepasuka kwa maji ya chumvi hata nalala nimezifunga vitambaa. Nililia, siwafichi.

Siku ya kuituma akanipigia simu akiwa kwenye kaunta ya mizigo huko Nairobi.

"Dada, wanataka niandike ndani kuna nini. Nikiandika mashine nitalipa zaidi, halafu wanasema lazima ifungwe kwenye sanduku la mbao."

"Andika nguo."

"Nguo?"

"Kila mtu huandika nguo. Ukiandika mashine si unawaita wezi?"

"Una hakika, dada?"

"Mimi nimekulea, nitakupoteza leo?"

Akaandika nguo. Nami nikarudi kazini nimeridhika, najiona mwerevu kuliko kampuni nzima ya mabasi.

Sasa nguo hazivunjiki, mwajua. Mzigo wa nguo huwekwa chini kabisa kwenye buti, na juu yake yakapangwa magunia ya viazi, na aliyeyapanga hana kosa. Tulipoifungua nyumbani, mimi na Mama Furaha, uso wa mashine ulikuwa umebonyea katikati, pembe moja imepasuka, na vile vidude vikadondoka sakafuni kimoja kimoja kama punje za mahindi. Mulungu wangu! Mama Furaha akashika kiuno. "Hii watalipa," akasema. "Kesho twende wote, nikusaidie kusema." (Mama Furaha kwa kusema hana mpinzani.) Ile habari ya nguo sikumwambia. Nilijiambia ni kitu kidogo, nikaisahau kwa makusudi.

Asubuhi tukafika Malindi, tukakuta ofisi ya mabasi imejaa. Kwenye kaunta alikuwa binti wa mjini, amevaa buibui, sauti yake ya taratibu. "Shikamoo, dada. Karibu."

Sikumwitikia. Kwetu pwani kumnyima mtu marahaba ni kumtangazia vita, na foleni nzima ikatega masikio. Nikalitua boksi la mashine juu ya kaunta, pu! Nikasema yote niliyoyapanga tangu jana, kwamba mmevunja jasho la yatima, kwamba sitoki hapa bila fidia, na huku nyuma Mama Furaha anawaeleza watu nilivyoacha shule, nilivyomlea ndugu yangu, na nyayo zangu zilivyo (nusura anivue viatu waone).

Yule binti akaitazama mashine, akasikitika kweli. Kisha akaisoma nakala ya risiti. "Pole sana, dada. Lakini hapa imeandikwa nguo, na sisi hulipia kilichoandikwa."

Hapo ndipo ningeweza kushuka. Ningesema kwa sauti ndogo, ni kweli, tulikosea, tufanyeje? Lakini watu walikuwa wameshanionea huruma, na huruma ya watu ni tamu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mpumbavu gani aandike nguo kwenye mashine kama hii? Aletwe hapa, afutwe kazi!"

"Ameandika mtumaji mwenyewe," akasema binti. "Nambari yake ni hii. Tumpigie?"

"Mpigie!"

Akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia. Kahindi akaitika kwa furaha, maana alidhani ni mteja. Binti akamweleza, akamuuliza ni nani aliyesema iandikwe nguo.

"Ni dada yangu," akasema. "Nilimpigia nikiwa pale pale."

Foleni yote ikanigeukia. Nami, niliyemchapa mtoto huyu alipokuwa na miaka saba kwa kukana kwamba alilamba sukari, nikainamia ile simu nikasema, "Mimi? Kahindi, wewe muongo! Lini nilikwambia hivyo?"

Tukasikia nyundo ya mtu ikigonga huko kwao. Kisha akasema polepole, "Samahani, dada. Ni mimi. Nilikwepa kulipa zaidi. Yeye hajui lolote."

"Wallahi, vijana wa siku hizi!" akasema mzee mmoja. "Dada amlee hivyo, halafu yeye amsingizie!"

"Kakushukuru hivyo, mwenzangu," Mama Furaha akaniambia, machozi yakimlenga.

Nilikuwa nimeshinda. Watu wote wako upande wangu, wanatikisa vichwa, wananipa pole, na mdogo wangu yuko kwenye simu anatukanwa na watu asiowajua kwa kosa langu, wala hajitetei. Nikasema, "Si yeye." Hakuna aliyenisikia. Mimi ambaye sauti yangu ilifika hadi barabarani nikavuta pumzi, nikarudia, "Si yeye! Ni mimi niliyemwambia aandike nguo. Hakusema uongo. Muongo ni mimi."

Mzee akashusha miwani yake. Mtu mmoja mwishoni akacheka, wa pili akampokea, ikawa ofisi nzima. "Basi mlipeni leso mbili!" mama mmoja akapaza sauti, na hapo hata Mama Furaha akacheka, nami siwezi kumlaumu. Binti peke yake hakucheka. Alikata simu taratibu, akanipa fomu ya madai, akanionyesha mahali pa kueleza kilichotokea. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: *Nilimwambia mdogo wangu aandike nguo.* Sikuwa na zaidi. Baada ya majuma matatu tukarudishiwa nauli ya mzigo, basi.

Nilipotoka nje nilimpigia Kahindi, nikamwambia anisamehe.

"Ungeniacha tu, dada," akasema. "Mimi niko mbali, hawanijui. Wewe utapitaje hapo kesho?"

Alikuwa anawaza nitapitaje. Wala hakuitaja miaka yake miwili, wala mashine.

Chumvi bado naikwangua. Kahindi aliitengeneza ile miksa kwa kuungaunga alipokuja, nusu yake inalia na nusu haitaki, na kwa matanga madogo inatosha. Lakini nimeapa, na kiapo hiki nimekishika: sitamwambia tena mtu aliye chini yangu afanye jambo kwa sababu kila mtu hulifanya, na nikituma mzigo, hata uwe kilo mbili za korosho na chupa ya achari, naandika korosho, naandika achari, naandika na chupa. Wale wa nyuma yangu kwenye foleni hulalamika nachelewesha. Nawaacha walalamike. Mashine ilikuwa na fomu ya kudai fidia, lakini lile neno nililomwita mdogo wangu mbele ya watu nalilipa mwenyewe, na hata sasa sijalimaliza.